Marie Curie: Binti wa Warsaw aliyeacha jina lake katika jiwe la Katanga

Kuna jiwe la manjano linalopatikana Katanga, kusini mwa Kongo, ambalo ukilitazama kwa lenzi unaona sindano nyembamba zimetapakaa kutoka sehemu moja, mfano wa miiba ya nungunungu aliyekasirika. Si gumu. Ukilikwaruza kwa kisu linakubali upesi. Ndani yake kuna urani, kwa hivyo si jiwe la kutia mfukoni wala la kupamba meza ya sebuleni. Linaitwa sklodowskaiti.

Jina hilo linavunja ulimi, najua. Limetokana na Skłodowska, na huyo Skłodowska unamfahamu tayari, ila kwa jina la mumewe. Ni Marie Curie, yule wa kitabu cha fizikia, mama mwenye gauni jeusi ambaye ni kama hajui kutabasamu mbele ya kamera. Wengi wetu tulimpitia mbio mbio tukielekea mtihani. Tulikosa mengi.

Alizaliwa Novemba 7, 1867, mjini Warsaw, kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano. Wakati huo Poland haikuwapo kwenye ramani. Nchi ilikuwa imegawanywa na majirani watatu wenye nguvu, na Warsaw ikaangukia mikononi mwa Urusi. Shuleni watoto walitakiwa kusoma kwa Kirusi. Walimu waliothubutu kufundisha historia ya Poland walifanya hivyo kwa siri, wakiwa na sikio moja mlangoni wasije wakafumaniwa na mkaguzi.

Babake alifundisha hisabati na fizikia. Mamake aliwahi kusimamia shule ya wasichana. Si kwamba walikuwa maskini wa kutupwa, lakini pesa ziliisha polepole, na misiba ikaja haraka. Dada mkubwa, Zofia, alikufa kwa homa ya chawa. Maria alipokuwa na miaka 10, mamake naye akafariki kwa kifua kikuu.

Mwaka 1883 alimaliza sekondari na medali ya dhahabu. Halafu? Halafu hakuna. Chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Hebu fikiria umepata A safi kisha unaambiwa mlango huu si wako, na si kwa sababu ya alama. Yeye na dadake Bronisława wakajiunga na chuo cha siri ambacho madarasa yake yalihamahama kutoka nyumba moja hadi nyingine ili polisi wa Urusi wasiyanase.

Hapo ndipo madada hao wawili walipounda chama chao, chama cha watu wawili tu. Maria angefanya kazi na kumtumia Bronisława karo ya kusomea udaktari Paris. Bronisława akimaliza, zamu ingemgeukia Maria. Wanaojua mambo ya mzunguko wanaelewa hatari yake: anayepokea kwanza anaweza kusahau. Maria alikubali kupokea wa pili.

Mnamo 1886 akaenda mashambani, kijiji cha Szczuki, kuwa mwalimu wa nyumbani wa watoto wa familia ya Żorawski. Saa za ziada alifundisha watoto wa wakulima kusoma Kipolandi, jambo ambalo lingeweza kumtia matatani na serikali. Kisha akapendana na kijana mkubwa wa nyumba hiyo, Kazimierz, aliyekuwa akisomea hisabati. Wazazi wakakataa katakata. Mwana wao hangeoa mfanyakazi asiye na mali. Kazimierz hakuwa na ubavu wa kuwapinga, na Maria akabaki akilala chini ya paa la watu waliomwona hafai, kwa sababu mshahara ule ndio ulikuwa karo ya dadake. Alivumilia hivyo kwa miaka.

Zamu yake ilifika 1891. Alikuwa anakaribia miaka 24 alipopanda treni kwenda Paris, akajiandikisha chuo cha Sorbonne kwa jina la Kifaransa, Marie. Alipanga chumba kidogo juu kabisa ya jengo, ghorofa ya sita, ngazi kwa miguu. Wakati wa baridi maji yaliganda kwenye beseni, naye akarundika nguo zake zote juu ya blanketi ili apate usingizi. Chakula kilikuwa mkate, chai na matunda kidogo, na kuna wakati alizirai kwa njaa. Lakini matokeo yalipotoka 1893, alikuwa wa kwanza katika shahada ya fizikia. Mwaka uliofuata akaongeza ya hisabati, akawa wa pili.

Alikuwa akitafuta nafasi ya maabara ya kupima sumaku za chuma alipotambulishwa kwa Pierre Curie. Jamaa alikuwa na miaka 35, mkimya, mwanasayansi anayeheshimiwa na wachache waliomjua, na hakuwa na haraka ya kuoa mtu. Walioana Julai 1895 bila kanisa wala pete. Badala ya shela, Marie alivaa gauni la buluu iliyokolea ambalo angeweza kulivaa maabara baadaye, na kweli akalivaa. Fungate yao ilikuwa kuzunguka mashambani kwa baiskeli.

Sasa tuje kwenye mawe, maana hapa ndipo akili yake inapoonekana.

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba chumvi za urani hutoa miale isiyoonekana, inayoweza kupenya karatasi nyeusi na kuacha alama kwenye bamba la kupigia picha. Watu wengi hawakujali sana. Dunia ilikuwa imeshikwa na eksirei zilizogunduliwa muda mfupi kabla ya hapo. Marie, aliyekuwa na mtoto mchanga, Irène, na akitafuta mada ya udaktari, akaichukua kazi hiyo iliyoachwa. Alitumia kifaa ambacho Pierre na kakake Jacques walikuwa wamekibuni, kinachoweza kupima mkondo hafifu sana wa umeme. Badala ya kuangalia picha zimekuwa nyeusi kiasi gani, yeye alipata namba.

Na namba zikasema jambo la ajabu. Urani iwe unga au bonge, kavu au imelowa, peke yake au imechanganywa na kitu kingine, nguvu ya miale ilitegemea kitu kimoja tu: kiasi cha urani kilichomo. Hiyo ilimaanisha kwamba miale haitokani na jinsi atomu zilivyoshikana. Inatoka ndani ya atomu yenyewe. Wakati huo wataalamu wengi waliamini atomu ni kitu kisichobadilika hata kidogo, na ndani yake hakuna linaloendelea.

Kisha akaanza kupima mawe, moja baada ya jingine. Pichiblendi, jiwe jeusi na zito ambalo urani ilichimbwa kwalo, lilitoa miale yenye nguvu mara kadhaa kuliko urani tupu. Kalkolaiti, jiwe la kijani lenye shaba na urani, nalo lilizidi karibu mara mbili. Haingii akilini. Mchanganyiko unawezaje kuzidi kiungo chake chenye nguvu?

Alichofanya baada ya hapo mimi nakipenda kuliko tuzo zake zote. Alitengeneza kalkolaiti yake mwenyewe maabarani, kwa kemikali safi, kwa kipimo kilekile cha jiwe la asili. Akaipima. Ikawa dhaifu, kama hesabu ilivyotaka. Ni kama upike githeri kwa mahindi na maharagwe yaleyale anayotumia jirani, halafu ya jirani inanukia nyama na yako hainukii. Basi kuna kitu jirani ametia na hajakuambia. Ndani ya jiwe la asili kulikuwa na elementi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona.

Pierre akaacha utafiti wake mwenyewe akaungana naye. Julai 1898 walitangaza elementi mpya, Marie akaipa jina la nchi ambayo haikuwa kwenye ramani: poloniamu. Desemba mwaka huohuo wakatangaza ya pili, radiamu. Neno lenyewe la kueleza tabia hiyo ya kutoa miale, ambalo dunia nzima inalitumia hadi leo, ni la kwao.

Tatizo ni kwamba wanakemia walitaka kuiona radiamu kwenye chupa. Namba peke yake haikuwatosha. Wakaagiza mabaki ya pichiblendi kutoka migodi ya Joachimsthal, siku hizi ikiitwa Jáchymov katika Jamhuri ya Cheki. Ulikuwa uchafu uliobaki baada ya urani kutolewa, umechanganyika na majani ya misonobari. Magunia yalishushwa nje ya banda moja bovu la chuo cha fizikia na kemia cha viwanda, banda lenye paa la kioo lililovuja mvua ikinyesha. Marie alichukua kilo 20 kwa mara moja, akazichemsha na kuzikoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Moshi ukizidi, kazi ilihamia uani. Hii ndiyo ilikuwa maabara: mama mmoja na sufuria, kama mtu anayepikia harusi, ila kwa karibu miaka 4. Mnamo 1902 akapata radiamu ya chumvi, sehemu moja ya kumi ya gramu, kutoka tani za mawe.

Usiku walirudi bandani bila taa kutazama chupa zikitoa mwanga hafifu gizani. Vidole vyao vilikuwa vimeungua na kukakamaa. Pierre alijifunga radiamu mkononi makusudi, akafuatilia kidonda kilivyokua. Walijua inachoma ngozi. Ilivyofanya ndani ya mifupa na damu, hilo lilikuja kujulikana baadaye, na kwa gharama ya watu.

Mwaka 1903 Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilikuwa inaelekea kwa wanaume wawili, Becquerel na Pierre. Jina la Marie halikuwapo. Yeye aliyeanzisha kazi, aliyepima mawe, aliyekoroga sufuria, eti alichukuliwa kama msaidizi wa mume! Mwanahisabati mmoja wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, akamtonya Pierre mapema, naye Pierre akaandika kudai kwamba mkewe atambuliwe. Wakamwongeza. Bila barua hiyo, huenda leo tungemjua kama mke wa mtu. Na hawakuchukua hataza ya njia yao ya kusafisha radiamu, ingawa viwanda vilikuwa vinakuja juu. Pesa hiyo waliiacha ipite. Walioona ni ujinga walikuwapo, na bado wapo.

Aprili 19, 1906, kwenye mvua, Pierre aliteleza katika barabara ya Dauphine, gurudumu la mkokoteni wa farasi likampasua kichwa. Alikufa papo hapo. Marie akabaki na Irène wa miaka 8 na Ève ambaye hajafika miaka 2. Alikataa malipo ya mjane, akachukua darasa la mumewe. Umati ulijaa Novemba kumwona mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne, pengine wakisubiri machozi. Aliingia, akaanza pale Pierre alipokuwa ameishia, akafundisha fizikia hadi mwisho wa kipindi, akatoka.

Mwaka 1911 ulimpiga pande mbili. Januari aliwania kiti katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa akashindwa na Édouard Branly kwa tofauti ndogo sana ya kura, baada ya magazeti kumrushia maneno kwamba ni mwanamke na ni mgeni. Novemba magazeti yakafichua uhusiano wake na mwanafizikia Paul Langevin, mwanamume mwenye mke. Umati ukakusanyika nje ya nyumba yake. Katikati ya moto huo ikaja habari kwamba ameshinda Nobel ya pili, ya Kemia. Msomi mmoja wa kamati, Svante Arrhenius, akamwandikia kwamba afadhali asije Stockholm. Langevin hakuambiwa na mtu abaki nyumbani. Marie alijibu kwamba tuzo ni ya poloniamu na radiamu, haihusu maisha yake ya ndani, akapanda treni akaenda kuichukua. Mpaka leo hakuna mwingine aliyepata Nobel katika sayansi mbili tofauti, fizikia na kemia.

Vita vilipolipuka 1914 alipakia eksirei kwenye magari, akajifunza kuendesha, akafika hadi karibu na mstari wa mbele na binti yake Irène wa miaka 17 kupiga picha za mifupa na risasi za askari. Magari yalikuwa kama 20, na vituo vya hospitalini 200 hivi. Kinga ilikuwa duni. Kumbuka jambo hili.

Wakati wote huo radiamu ilikuwa ghali kupita dhahabu. Gramu moja ilifika dola 100,000, na aliyeigundua hakuwa na uwezo wa kuinunua kwa utafiti wake. Mnamo 1921 wanawake wa Marekani walichanga, na Rais Warren Harding akamkabidhi gramu hiyo Ikulu ya White House.

Bei ilivunjwa na Katanga. Mnamo 1915 mgodi tajiri ajabu ulikuwa umegunduliwa Shinkolobwe, na kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ikaanza kupeleka mawe Ubelgiji kusafishwa. Baadhi ya mawe hayo yalikuwa na urani zaidi ya nusu ya uzito wake. Washindani wa Marekani walifunga biashara. Gramu ya pili ambayo Marie alichangiwa 1929, kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Warsaw, ilinunuliwa Ubelgiji kwa kama nusu ya bei ya ile ya kwanza.

Pale Shinkolobwe, maji na hewa vilikuwa vimekula pichiblendi nyeusi kwa muda mrefu mno, vikaacha juu yake mawe ya rangi: manjano, chungwa, kijani. Mtaalamu wa madini wa Ubelgiji, Alfred Schoep, akawa anayachambua na kuyabatiza. Moja alilipa jina la Pierre, jingine la Becquerel. Huku kwetu Afrika Mashariki lilikuwapo tangu 1906 jiwe la urani kutoka milima ya Uluguru, Morogoro, lenye jina la Ernest Rutherford. Wanaume watupu. Mwaka 1924 Schoep alipopata lile la sindano za manjano, akalipa jina alilozaliwa nalo Marie.

Kisayansi jiwe hilo ni silikati: urani na oksijeni vimeshikana na silika, atomu moja ya urani kwa moja ya silikoni, vikafanya tabaka. Tabaka zimepangwa kama chapati, na katikati ya chapati ndipo magnesiamu na maji yanapokaa. Toa magnesiamu uweke kalsiamu, unapata ndugu yake uranofani. Weka risasi, upate kasolaiti, iliyopewa jina la Kasolo, hapohapo Katanga. Weka shaba, upate jiwe la kijani ambalo nalo linabeba jina la Skłodowska likiwa na kiambishi cha shaba mbele. Na kwa kuwa urani hugeuka polepole, hatua kwa hatua, kuwa radiamu, kisha poloniamu, kisha risasi, jiwe lenye jina lake lina chembe chache mno za zile elementi mbili alizozitoa gizani.

Waliolichimbua walikuwa vibarua kutoka pande nyingi, walioelewana kambini kwa Kiswahili. Walichagua mawe kwa mikono. Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, baadaye alipata jiwe la jina lake; la mchimbaji sijaliona. Urani ya mgodi huo ndiyo iliyotumiwa kwa sehemu kubwa kuunda bomu lililoangushwa Hiroshima 1945. Vijana wa Katanga walirudi hapo miaka mingi baadaye kutafuta kobalti kwa sururu, hadi 2004 serikali ilipoamuru pafungwe.

Marie hakuishi kuona bomu. Katika miaka ya 1920 macho yake yaliingia mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, akawaficha wenzake na kuandika daftari lake kwa herufi kubwa. Masikio yalivuma. Kwa muda mrefu hakutaka kukubali kwamba radiamu yake ndiyo inamla, na hapo, kwa maoni yangu, yule bingwa wa vipimo alikataa kujipima. Mapema 1934 Irène na mumewe Frédéric Joliot walimwonyesha kwamba unaweza kutengeneza kwa mikono kitu chenye kutoa miale, kazi iliyowapa Nobel mwaka uliofuata. Julai 4, 1934, alifariki katika hospitali ya milimani ya Sancellemoz, akiwa na miaka 66. Uboho wake ulikuwa umeacha kutengeneza damu.

Mnamo 1995 Ufaransa, ile iliyomnyima kiti, ilimhamishia Panthéon yeye na Pierre, mwanamke wa kwanza kuzikwa humo kwa kazi yake mwenyewe. Walipofukua walikuta jeneza lina bitana ya risasi, na miale iliyobaki mwilini ilikuwa kidogo kuliko walivyoogopa. Wakashuku kwamba kilichommaliza zaidi ni zile eksirei za vitani.

Madaftari yake ya maabara ni habari nyingine. Yako Paris katika maktaba ya taifa, ndani ya masanduku ya risasi, na yataendelea kutoa miale kwa muda mrefu, maana radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu tu. Anayetaka kuyasoma hutakiwa kutia saini kwanza kwamba hatari ni yake.